Wasiokuja Kumpa Pole Shangazi

Juzi nilipita Mlali, nikaona watu jamvini wameinamisha vichwa. Nikaambiwa si msiba, kuna mtu kaangushwa kura za maoni. Nikamkumbuka shangazi yangu mwalimu, aliyeutaka ubunge vyama vingi vilipoanza.

Mchana wa siku aliyoangushwa, uwanja wake ulinukia pilau iliyopikwa kwa ajili ya ushindi. Wajumbe waliteremka mlimani na mikungu ya ndizi, na kila mmoja akamwambia, "Pole, mwalimu. Kura yangu nilikupa wewe."

"Nimeshapoa," aliitikia.

Nilikuwa nimesikia kwamba alipata kura tatu. Nikamnong'oneza, "Shangazi, sasa nani walikunyima?"

"Wasiokuja. Haya, waongeze wageni pilau."

Niliwachukia wale wasiokuja miaka mingi. Siku hizi najua walikuja wote.