Kiti cha Njano cha Chester

Mtaani kwetu hapa Erie, jiji la kando ya ziwa, theluji ikianguka hadi magotini, nawe ukatoka na beleshi ukafukua mahali pa kuegesha gari mbele ya nyumba yako, basi pale ni pako. Ukienda kazini unaacha kiti, ukirudi unakikuta. Polisi watakwambia barabara ni ya umma, na kweli ni ya umma, lakini sijamwona polisi hata mmoja akija kufukua.

Chester Zielinski, jirani yangu wa mkabala, alikuwa na kiti cha jikoni cha plastiki ya njano, chenye miguu ya chuma, mgongo umechanika hadi sponji inatoka. Alifanya kazi miaka thelathini na minane katika kiwanda cha injini za treni, na alikuwa mtu wa kanuni hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Mkewe, Lorraine, alikuwa mpishi wa shule, mtu wa utani, anayeweza kukuchekesha mpaka ukasahau ulichokwenda kuazima. Chester alifariki Oktoba. Lorraine akaliuza gari baada ya mazishi, maana hakuwahi kujifunza kuendesha na sasa macho yake hayafai kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo theluji kubwa ya kwanza ya Desemba ilipoanguka nasi tukamwona Lorraine barabarani na beleshi, tulishangaa. Ana miaka sabini na sita. Alikuwa akichota mara tatu, anaegemea mpini, anachota tena. Nikavuka kwenda kumsaidia.

"Rudi kwako, Walt," akanifukuza. "Mgongo wako wenyewe unalia kama mlango wa ghala."

"Unafukua nini, Lorraine? Huna gari!"

"Nina beleshi. Wewe huna hata hilo, umekuja mikono mitupu."

Ilimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza aliingia ndani, akatoka na kile kiti cha njano, akakiweka katikati ya nafasi.

Minong'ono haikukawia. Yolanda, muuguzi aliyehamia nyumba ya tatu kutoka kwangu, akirudi kutoka zamu ya kutwa huzunguka mitaa miwili akitafuta pa kuegesha, na pale mbele ya macho yake pana nafasi nzima iliyokaliwa na kiti. Siku ya nne alinikuta nikimwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi zangu.

"Hebu nieleze, wewe mkongwe wa mtaa. Hicho kiti kina leseni?"

"Aliyefukua ndiye mwenyewe," nikasema.

"Hata kama hana gari?"

Nikamwaga chumvi zaidi. Miaka thelathini na mmoja mtaani hapa, na jambo hilo halijawahi kumtokea mtu.

"Basi naenda kumuuliza mwenyewe," akasema, akavuka kabla sijamzuia. Alikaa kwa Lorraine karibu saa nzima. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na kunisalimia hakunisalimia. Nikajua ameambiwa.

Alikuwa ameambiwa habari za Dale, mtoto wao wa pekee. Miaka minne iliyopita Dale alikuja kutoka Cincinnati, jimbo la Ohio, siku mbili kabla ya Krismasi, bila taarifa, ili awafurahishe wazazi. Mtaa mzima ulikuwa umezama kwenye theluji. Akasogeza kiti cha baba yake, akaegesha, akaingia ndani, mama yake akampakulia pierogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi. Chester akarudi kutoka dukani, akakuta gari lenye namba za Ohio mahali pake. Aliingia jikoni na kofia kichwani.

"Katoe gari lako."

"Baba, ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Ulifukua?"

Wakatoka nje wakitupiana maneno. Mimi nilikuwa kwenye ngazi zangu, na hapa ndipo ninapoona aibu. Nilicheka. Nikapaza sauti: "Mwambie, Chet! Kanuni ni kanuni!" Dale akanitazama mara moja, akaingia garini, akaondoka. Sahani yake ilibaki mezani na chakula nusu. Hakurudi tena, hata kumzika baba yake hakuja. Hasira hasara, tunasema, lakini hasara yenyewe hatukuipata sisi tuliopiga kelele. Aliipata mwanamke aliyekuwa jikoni.

Sasa, kama Yolanda alivyonieleza baadaye, Dale alikuwa amempigia mama yake simu. Alisema huenda akaja Jumamosi. Huenda. Kwa neno hilo moja bibi wa miaka sabini na sita alikuwa amefukua barabara.

Ijumaa theluji ikaanguka tena, na greda la jiji likapita likisukuma theluji ya barabarani, likarudisha lundo lote palepale. Alasiri nikasikia beleshi likikwaruza lami. Nilipochungulia nilimwona Yolanda, bado na nguo zake za kazi chini ya koti, kiti cha njano kikiwa pembeni. Nikachukua beleshi langu.

"Mgongo wako je?" akauliza.

"Utajijua wenyewe."

Tulifukua hadi lami ikaonekana, tukarudisha kiti katikati. Lorraine alituona dirishani na hakutoka. Gari lake mwenyewe Yolanda aliliacha mtaa wa pili.

Jumamosi, saa saba mchana, gari lenye namba za Ohio likaingia mtaani polepole. Likafika mbele ya kiti, likasimama katikati ya barabara. Nikangoja ashuke akisogeze. Hakushuka. Gari jingine likaja nyuma yake, likapiga honi, likalazimika kurudi kinyumenyume. Dale alikaa tu, mikono kwenye usukani, anakitazama kile kiti.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wangu, nikitaka kukimbia nikiondoe mimi mwenyewe, nikitupe ziwani. Kisha nikakumbuka nilivyoingilia mara ile, nikabaki mahali pangu.

Mlango wa Lorraine ukafunguka. Alitoka bila koti, kwa kandambili zake za ndani, akipapasa reli ya ngazi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti, akakinyanyua kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani. Dale akateremsha kioo.

"Mama," akasema. "Sikufukua."

"Nimefukua mimi," Lorraine akamjibu. "Ingiza gari, mwanangu. Miguu inaniganda."