Vichekesho vya Hamisi

Leo nimegombana na mtu kwa sababu ya ubao wa banda la video hapa Ruangwa.

Umeandikwa kwa chaki: VICHEKESHO, KARIBUNI NA WAZAZI.

Na filamu ya leo, ya kizungu, naijua. Watu wanachinjwa mwanzo mwisho!

Nikamvaa Hamisi, mwenye banda. "Kaka, hivi ni vichekesho gani?"

"Dada, nikitafsiri mimi, hakuna asiyecheka."

Na kweli bwana. Kashika kipaza sauti, muuaji anaongea kama dalali kwenye mnada wa korosho, banda zima hoi. Shangazi yangu, aliyekuja gulioni kutoka Mandawa, anacheka mpaka anafuta machozi kwa ushungi.

Mara simu ya Hamisi ikaita. Akatoka nje kupokea.

Jamani.

Ukabaki msumeno na vilio vitupu. Hakuna aliyecheka tena.

Shangazi akanibana mkono: "Mwanangu, kumbe wanaumia?"

Hamisi aliporudi akaona nyuso zetu, akazima. Akamletea shangazi maji, akachuchumaa mbele yake: "Nisamehe, mama."

Kisha akaenda na chaki yake nje. Sasa ubao unasomeka: VICHEKESHO, NIKIWEPO.

Nyie mngeandikaje?