Jumapili za Kobe Ugenini

Nyumbani kwao walimwita Kobe tangu angali mdogo, kwa sababu alikuwa msichana wa taratibu. Wenzake wakiitwa kula walikimbia. Yeye alifika sahani zikiwa zinakusanywa, wala hakulalamika. Kwa hiyo alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kufanya mafunzo ya kazi wakati wa likizo ya kiangazi, kaka zake walicheka hadi wakashika mbavu. Kobe apande ndege! Wakamwuliza kama rubani ameshaonywa. Mama yake peke yake ndiye hakucheka. Alikaa kitandani akikunja na kukunjua sweta ile ile moja, akisema huko kuna baridi, ingawa alikuwa ameambiwa mara kadha wa kadha kwamba ni majira ya joto.

Kobe alikuwa anasomea utengenezaji wa viungo bandia. Karakana aliyopelekwa ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la matofali, nyuma ya hospitali. Mbele palikuwa na chumba cha kupimia, chenye vyuma viwili sambamba ambavyo mgonjwa hushikilia anapojifunza kutembea. Nyuma kulikuwa na mashine za kusaga, ndoo za plasta ya kuchukulia umbo la mguu, na rafu iliyojaa nyayo za mpira, za kulia huku na za kushoto kule. Fundi mkuu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti nzito, asiyependa maneno mengi wala kahawa iliyopoa. Kazini Kobe hakuwa na shida. Lugha ya pale alikuwa ameisoma chuoni, na mikono yake ilikuwa mizuri. Plasta yake ilitoka laini kama shavu la mtoto. Shida ilikuwa Jumapili.

Jumapili karakana ilifungwa, wenzake wakaenda kwa jamaa zao, naye akabaki katika chumba alichopanga kwa mjane mmoja, dirisha likitazama uani mwa duka la mikate. Alifua, akaanika, akalala, akaamka, akazipapasa nguo kuona kama zimekauka. Mama alipopiga simu na kuuliza leo ametoka kwenda wapi, Kobe aliona haya kusema kwamba ameshinda akizitazama soksi. Akasema ametoka na wenzake, wamekwenda ziwani.

"Hilo ziwa likoje?" mama akauliza.

"Kubwa."

"Kubwa tu?"

"Lina maji, mama."

Mama akasema haya, mwanangu, upumzike. Kobe akaiweka simu akajichukia. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa, ila ulikuwa uongo wa mtu mvivu.

Jumapili iliyofuata akatia kiguu njia. Alipotea mapema. Alishika barabara iliyofanana na nyingine, akajikuta kwenye mtaa wa maghala, milango yote ina makufuli, hata paka hakuna. Akajikaza kisabuni, akarudi alikotoka, akamwuliza mwanamke aliyekuwa anaosha ngazi, akaelekezwa, hakuelewa vizuri, akashukuru vivyo hivyo. Alipofika, ziwa lenyewe halikuwa kubwa hata kidogo. Lilikuwa dogo, la kijani, limezungukwa na njia ya changarawe, na bata wake walipita mbele ya watu kwa kiburi kama wenye nyumba. Akakaa kwenye benchi, akala mkate wake, na hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Ajabu ni kwamba alifurahi.

Jioni akamweleza mama yote: maghala, ngazi, bata. Akamwambia pia kwamba alikuwa peke yake, na kwamba wiki iliyopita hakwenda popote.

"Nilijua," mama akasema. "Ungekuwa umeliona, ungeniambia habari zake mpaka nichoke. Enhe, hao bata walifanyaje?"

Basi ikawa ndiyo desturi yake. Kila Jumapili mtaa mwingine, bila ramani. Akaijua miteremko, akajua ngazi zenye vyuma vya kushika na zisizo navyo, akajua barabara ipi ina kivuli mchana. Mabenchi aliyajua kuliko yote, kwa kuwa hakuona aibu kuketi. Na kwa mazoea ya kazi alitazama miguu ya watu, nani anachechemea, nani anaburuta wa kushoto. Siku moja mume na mke watu wazima, wageni kama yeye, walimsimamisha wakauliza stesheni iko wapi. Akawaelekeza bila kusita: kata kushoto penye duka la miwani, kisha teremka ngazi. Walipoondoka alitembea kifua mbele mpaka akapitiliza nyumba aliyokuwa anakaa.

Ni wakati huo karakana ilipompokea mgonjwa waliyemwita Dereva. Mzee huyu alikuwa ameendesha basi la mji maisha yake yote ya kazi, kisha ugonjwa wa sukari ukamlazimu akatwe mguu mmoja chini ya goti. Kati ya vile vyuma viwili alitembea vizuri, mzaha hauishi mdomoni. Akapewa mguu mpya, akaenda nao nyumbani, baadaye akarudi ukaguliwe. Fundi mkuu alipouliza maendeleo, Dereva alisema anatembea kila siku, hata majirani wamemchoka. Binti yake, aliyekuwa amemleta, akageukia dirishani.

Kobe ndiye aliyekabidhiwa ule mguu ausafishe, pamoja na kiatu chake. Akaugeuza. Soli ilikuwa safi kama siku iliyotoka dukani.

Hakusema mbele ya watu. Alingoja fundi mkuu na yule binti waingie chumba cha pili, akachuchumaa mbele ya mzee amvalishe.

"Mzee, mguu unakuuma?"

"Hapana."

Kobe akamwonyesha soli. Dereva akaitazama, na ule mzaha wote ukamtoka usoni.

"Mji mzima unanijua, binti," akasema kwa sauti ya chini. "Nimewabeba hawa watu tangu wakiwa na mikoba ya shule. Nikianguka barabarani, wao ndio wataniokota. Heri nikae ndani."

Kobe akasema kwamba anajua njia moja kando ya mfereji, tambarare, mabenchi yamekaribiana, na Jumapili asubuhi watu ni wachache. Dereva akauliza tangu lini mgeni akamtembeza mwenyeji. Lakini akauliza pia ni mfereji upi. Daraja lake alikuwa amelivuka na basi miaka nenda miaka rudi, na kumbe chini yake mna njia, hana habari. Fundi mkuu alipoombwa ruhusa aliguna, na kwa waliomzoea mguno ule ulikuwa ndiyo.

Wakaenda. Kutoka benchi hadi benchi, fimbo mkono mmoja, Kobe upande wa pili, hamshiki ila yupo. Walifika mbali kuliko walivyokusudia. Kisha, mahali njia inapokutana na barabara, ncha ya kiatu ikagonga ukingo wa jiwe, na kabla Kobe hajanyoosha mkono mzee alikuwa chini.

Watu wakaja mbio, mwanamke mwenye kikapu na mwanamume mwenye mbwa. Kobe, ambaye hajawahi kumpazia mtu sauti maishani mwake, akasimama mbele yao.

"Mwacheni kwanza. Anajua kuinuka."

Hakuwa na hakika kama anajua. Akachuchumaa, akamwambia polepole ageukie upande wa mguu mzima, apige goti, ashike benchi. Dereva akafuata, jasho likimtiririka, mpaka akasimama.

Mwenye mbwa akamkazia macho. "Dereva? Sisi tulidhani umekufa."

"Nimeanguka tu," Dereva akasema, akijipangusa suruali.

Walipobaki wawili, mzee alikaa kwenye benchi, akafuta uso kwa kiganja. Kobe akayatazama maji, ampe nafasi. Kisha mzee akauliza kule mbele kuna nini. Kobe akasema hajui, naye huishia hapo hapo. Basi wakaenda kuona.

Wiki ya mwisho ya mafunzo, yule binti wa Dereva alikuja karakanani amefura. Kila akienda kwa baba yake anakuta mlango umefungwa, na chakula anachompelekea kinapoa mezani. Fundi mkuu akauliza kama mguu una kasoro. Binti akasema mguu hauna kasoro, mwenyewe ndiye haonekani. Kisha akamgeukia Kobe: yeye ndiye aliyeanzisha haya, amwambie basi baba yuko wapi.

Kobe akataja mfereji. Binti alikuwa ametoka huko. Akataja ziwa. Huko pia alikuwa amepita.

"Basi mimi sijui, dada," Kobe akasema, akirudi kwenye ndoo yake ya plasta, na tabasamu akalielekeza ukutani.