Sufuria Nyuma ya Pazia

Ruphin fundi baiskeli hakuwahi kuingia kwake kimyakimya. Akifika kwenye kona ya uzio alipiga kengele ya baiskeli, akakohoa, kisha akasimama kidogo akijifanya anakagua mnyororo usio na ubaya wowote. Mgeni angedhani ana ugonjwa wa kifua. Majirani zake wa Kasongo walijua kwamba uani kuna mama mkwe, naye anapewa nafasi ya kuondoka njiani.

Maana kwa watu wao wa Kabambare, mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawasemezani. Likiwapo neno linapitia kinywa cha mwingine. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, tena heshima nzito yenye haya ndani yake, na anayeivunja kwa makusudi huonekana hana wakubwa kwao. Desturi hiyo ni nyepesi mkwe akiwa mbali, kijijini Wamaza, na wewe uko Kasongo. Lakini nyumba ya Mama Anastasie ilianguka kwa mvua, mwanawe wa kiume alikwisha kufa, na Ruphin mwenyewe ndiye aliyesema aletwe. Watu walicheka. Mama mkwe kulala kwa mkwewe, nani kasikia? Ruphin akawaacha wacheke, akamjengea chumba cha nyuma chenye mlango wake.

Kilichobaki kigumu kilikuwa jioni. Mtu mzima hawezi kufungiwa chumbani kama kuku anayeatamia. Emilienne, mke wa Ruphin, ndiye aliyetundika kitenge katikati ya sebule, na televisheni akaiweka pale pazia linapoishia, ionekane pande zote mbili. Upande huu Ruphin na watoto, upande ule Mama Anastasie na binti yake. Kila jioni walitazama tamthilia moja ya kigeni iliyosemwa kwa Kifaransa. Mama Anastasie hakuelewa hata neno moja, ila waovu wote aliwajua kwa macho yao. Mwovu akitokea, nyuma ya pazia ulisikika msonyo mrefu. Na Ruphin alikuwa anamchukia mwovu huyohuyo. Walicheka pamoja, wakakasirika pamoja, na tangu bibi aje hapo Ruphin hakuwahi kumwona vizuri usoni. Aliipenda saa ile kuliko saa zote za siku, ingawa ungemwuliza angekwambia anapenda mpira.

Basi abonema, yale malipo ya kila mwezi ya kufunguliwa chaneli, ikapanda bei, wakati pikipiki zimekwisha kupunguza baiskeli mjini. Ruphin alijikaza, akajikaza tena, mpaka siku moja akatazama viatu vya shule vya watoto wake akakata shauri. Abonema nayo haina shukrani. Mla ni mla leo, mla jana kala nini: unalipa mwaka mzima, ukikosa mwezi mmoja wanakufungia kama hawajawahi kukujua.

"Silipe tena," alimwambia mkewe. "Wafunge tu. Kuko njia ingine."

"Njia gani?"

"Nitaitafuta."

Njia ya kwanza ilikuwa ya Pitchou, kijana wa kutengeneza redio na televisheni pale sokoni, aliyemjazia filamu kwenye flashi kwa bei ya andazi. Filamu zenyewe zilikuwa za kupigana mwanzo hadi mwisho. Watoto walifurahi. Nyuma ya pazia hapakusikika msonyo wala kicheko. Jioni ya pili Mama Anastasie akasema kichwa kinamuuma, na baada ya hapo kiti chake kikawa kitupu. Ruphin alielewa, tena haraka. Kama huna unachotazama, kukaa kimya nyuma ya kitambaa huku mkweo anapumua upande wa pili ni aibu tupu. Televisheni ndiyo iliyokuwa ikimpa bibi ruhusa ya kukaa na watu.

Siku chache baadaye Emilienne akamjia na uso wa kazi.

"Mama anasema Iliasi wa pikipiki ataenda Wamaza Jumatatu. Atapanda naye."

"Wamaza, kwa nyumba gani?"

"Kwa ndugu yake mudogo. Anasema hapa yeye iko mutu wa kulala na kuamuka tu, sawa mugonjwa."

"Umwambie asiende."

"Nilimwambia. Anasema yeye haiko mutoto."

Ruphin alishika spana mkononi bila kujua anaifungulia nini. Iliuma, tena iliuma vibaya. Ndugu yule mdogo alikuwa mzee kama Mama Anastasie mwenyewe, na macho hana. Nani angemtekea mwenzake maji? Angekuwa mama yake mzazi angemwendea, akaketi chini, akamsihi. Lakini mkwe akitaka kumsihi mama mkwe, atumie kinywa cha nani? Kinywa kilichokuwapo kilikwisha kusema na hakikusikilizwa. Akaenda moja kwa moja kwa Pitchou.

Pitchou alimwambia ziko chaneli za bure, za kwaya na michezo ya kuigiza ya Kinshasa. Shida ni kwamba zinatoka upande mwingine wa mbingu. Akampa dekoda ya zamani isiyotaka malipo, Ruphin akamlipa kwa kumtengenezea baiskeli. Kuhusu dishi, Pitchou alieleza kwa mikono kwamba lisitazame tena kule lilikotazama, lilale karibu chali kama ungo ulioanikwa, kisha lisogezwe polepole mpaka picha ije. Yeye mwenyewe asingeweza kuja, alikuwa njiani kwenda Salamabila.

Jumamosi Emilienne na watoto walikwenda shambani. Ruphin akawasha televisheni, akapanda juu ya paa na spana yake. Hapo ndipo alipogundua kosa ambalo mtu asiye na haraka angeligundua akiwa chini. Kugeuza dishi ni kazi ya watu wawili, mmoja juu na mwingine mbele ya kioo wa kumpigia kelele, "Bado! Bado! Hapohapo!" Angeweza kumngoja mkewe. Lakini Jumamosi ilikuwa inakwisha, na wingu lilikuwa linajikusanya upande wa mto.

Akageuza kidogo, akashuka, akapiga kengele, akakohoa, akaingia kuchungulia. Hakuna kitu, ni chengachenga tu. Akapanda. Akageuza. Akashuka, kengele, kikohozi, chengachenga. Jirani aliyekuwa akipepeta mchele aliacha kazi kumtazama mtu anayejikoholea nyumba yake mwenyewe kila mara, akatikisa kichwa. Ruphin hakumjali. Jasho lilimwingia machoni, akapanda tena, akisema kwa sauti kwamba dishi hili litakubali leo au litalala naye hukohuko juu.

Alipoligusa tu, akasikia chini yake: ko.

Akaacha. Kimya. Akalisogeza tena kidogo. Ko. Ilikuwa sufuria, na mwiko. Akalisogeza kwa upande wa pili, ikalia tena, pigo moja zito lenye uchovu, sawasawa na mtu anayesema bado. Ndani ya nyumba alikuwamo mtu mmoja tu.

Akaliinamisha kuelekea msikitini. Ko. Akalilaza zaidi. Ko, ko. Unywele mmoja zaidi: ko ko ko. Akapitiliza, na sufuria ikamkaripia kwa pigo moja lililosikika mpaka kwa jirani. Akalirudisha taratibu, na mara sufuria ikashangilia bila kupumzika kama kuna harusi. Akakaza nati zote kwa nguvu zake zote.

Aliposhuka hakuingia. Sauti ya kwaya ilikuwa inatoka dirishani. Asante asingeweza kuisema, basi akaiendea baiskeli yake, akapiga kengele mara mbili.

Jioni hiyo kiti cha nyuma ya pazia kilikuwa na mtu. Mchezo ulikuwa wa Kilingala, juu ya mama mkwe mwenye roho mbaya kuliko nyoka, na alipotokea tu ukasikika msonyo ule mrefu. Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Ruphin alicheka pia, lakini akili yake ilikuwa Jumatatu. Emilienne alikuwa ameuona mzigo wa mama yake umefungwa kwa kamba, uko mlangoni, na hakuthubutu kuuliza.

Jumapili mvua ikajaa katika dishi kama katika beseni, picha ikapotea. Sufuria ikalia mara moja. Ruphin akapanda na msumari, akalitoboa chini maji yatoke. Sufuria ikashangilia. Mzigo ukabaki palepale mlangoni.

Jumatatu asubuhi Iliasi akafika, akaacha pikipiki inanguruma.

"Hodi. Mama iko tayari?"

Emilienne akainamisha uso. Ruphin alisimama uani, ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili, akakohoa kwa desturi tu. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefunguliwa nusu. Hakuna aliyetoka.

Kisha ndani ikasikika: ko.

"Ile nini?" Iliasi aliuliza.

Ruphin ndiye aliyejibu.

"Anasema bado."

"Nimungojee?"

Wakasikiliza wote watatu, hata Emilienne ambaye machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka. Ko. Pigo moja, zito, lisilo na haraka yoyote.

"Usimungojee," akasema Ruphin.

Iliasi akaguna, akageuza pikipiki, akaenda zake Wamaza na magunia ya watu wengine. Ruphin akapanda baiskeli kwenda kazini. Pale kwenye kona ya uzio akapiga kengele mara mbili, ingawa alikuwa anatoka.