Eda ya Bi Mwajuma

Mwanangu, umeniambia unakwenda kusomea saikolojia, nami nimefurahi. Lakini kabla hujafunga begi, kaa nikueleze siku moja ninayoikumbuka kwa aibu mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika kambi ya wakimbizi huku Kasulu. Mimi kijana wa Ujiji, nina cheti kipya, najiona nimefika. Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria daktari wa saikolojia, mama wa Kizungu, alipozungumza na waliofiwa. Watu wakitaja nafsi au dua, nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nisije nikaonekana mshamba kama wao. Ujinga wa ujana huo, mwanangu.

Tukafika kwa Bi Mwajuma, Mwislamu wa Burundi, mumewe kauawa njiani. Daktari akamwalika kwenye kikao cha wafiwa, wake kwa waume, chini ya turubai.

"Mwanangu, mwambie siwezi kutoka," akaniambia. "Niko mu eda."

Eda naijua. Mama yangu aliikaa ndani miezi minne na siku kumi alipofiwa na baba, asikae na wanaume wa nje. Lakini nilimgeukia daktari nikasema, "Amejifungia tu, hataki watu." Daktari akaandika. Kesho yake nikarudi mwenyewe, nikamtisha yule mama kwamba asipokuja ataonekana anakataa tiba. Maskini, akaja. Akakaa mbele ya wanaume, kajifunika uso. Tangu hapo akaacha kula, na hakusema na mtu.

Mwalimu Rashidi, aliyefundisha watoto Kurani pale kambini, akanifuata ofisini.

"Eda huijui?"

"Naijua, Mwalimu."

"Sasa ulimficha daktari kwa nini? Wataalamu wetu wa Kiislamu waliandika juu ya maradhi ya nafsi karne nyingi kabla ya chuo chako. Walitenga huzuni yenye sababu na ile isiyo na sababu, kila moja na tiba yake. Wewe umemtibu mjane kwa kumvunjia heshima!"

Nilimweleza daktari yote, nikidhani atacheka. Alifuta alichoandika. "Hata sisi tunazitenga hizo huzuni," akasema. "Vitabu ninavyo. Wewe nilikuajiri uniambie nisiyoyajua."

Basi daktari akawa anamfuata yule mjane hemani, yeye na muuguzi mwanamke wa kumtafsiria, na Mwalimu akisoma dua nje ya pazia. Taratibu Bi Mwajuma akaanza kula. Eda ilipoisha nikaenda kumwomba radhi.

"Yule Mzungu nilimsamehe siku ile ile, hakujua," akasema. "Wewe ulijua. Wewe bado."

Niliondoka nimeinamisha kichwa. Sikumwona tena.

Mwanangu, isome elimu yao usiibeze, inaponya, nimeona kwa macho yangu. Ila ya kwako usiionee haya. Mgonjwa akikueleza anavyoishi, yafikishe maneno yake kama alivyoyasema, hata uso ukikuwaka kwa aibu. Nenda, Mungu akufungulie kifua, akupe ulimi wa kweli, akuepushe na mzigo ninaokwenda nao kaburini.