Lenzi Iliyoogopwa Malangali

Ukutani mwa studio ya Isakwisa, pale mtaa wa Malangali, Sumbawanga, zamani palikuwa na picha ya bibi harusi. Kila studio ya mji mdogo inaye, na nimeingia nyingi, kuanzia Lubumbashi hadi Mombasa, kiasi cha kuamini kwamba ni bibi harusi yule yule: kainamisha shingo, kashika maua ya plastiki, anatazama kitu ambacho sisi hatuonyeshwi. Isakwisa alimshusha. Mahali pake akatundika uso wa nyuki, mkubwa kama sinia la pilau.

Nilikuwa nimekuja kupiga picha za pasipoti, nivuke mpaka wa nchi kwenda Mbala, nikasahau kukaa kwenye kiti. Nyuki yule alikuwa na nywele usoni kama mzee aliyegoma kunyoa, na chembe za njano zimemganda juu ya macho kama mtoto aliyetoka kudokoa unga. Isakwisa aliniambia kwamba alimpata kwenye ua la boga la mke wake. Alilisema hilo kama mtu anayetaja mtoto wake aliyefaulu mtihani.

Isakwisa ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Sumbawanga alikuja akimfuata mkewe, Violeth, aliyehamishiwa huko na serikali, na husimulia bila aibu kwamba yeye ndiye aliyebeba magodoro. Chumba cha mbele wakakifanya studio. Nyuma Violeth akapanda maboga, maharage na chainizi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka kila mtu alipokuwa na simu inayopiga picha. Zikabaki picha za pasipoti na harusi. Katika nafasi iliyobaki, Isakwisa alinunua kwa fundi mmoja wa Mbeya lenzi kuukuu ya kupigia vitu vidogo, akaanza kulala bustanini.

Kulala kwenyewe. Wapo nyuki wasio na mzinga, kila mmoja na maisha yake, ambao usiku hujilaza ndani ya maua. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita huwakamata humo humo, wakaganda mpaka jua liwapashe, na nyuki aliyeganda ndiye nyuki pekee anayekubali kupigwa picha kwa utulivu. Kwa hiyo alfajiri Isakwisa hujifunika shuka na kulala kifudifudi kati ya maboga, hata kupumua haonekani. Katika mji mwingine majirani wangeuliza. Sumbawanga, mji uliopewa sifa ya uchawi nchi nzima bila kuiomba, majirani walifunga dirisha. Mmoja alikwenda kumpa Violeth pole.

Violeth alivumilia yote, kwa sharti moja: siku wadudu watakapomkosesha mumewe kazi, lenzi inauzwa. Na msimu huu, baada ya mavuno, kazi ya maana iliyokuwapo ilikuwa moja tu, harusi ya Coleta.

Mama yake Coleta, Getruda, ni mfanyabiashara wa nafaka na ndiye mwenyekiti wa kamati. Alipofika kuagiza picha alisimama mbele ya nyuki muda mrefu kuliko mtu yeyote kabla yake. Mwishowe akauliza kama kamera itakayopiga familia yake ni hiyo hiyo. Jibu la kweli lilikuwa jepesi: lenzi hii hutolewa, ikawekwa nyingine. Lakini Isakwisa alikuwa amelewa sifa.

"Ndiyo yenyewe, mama. Haifichi kitu. Hata vumbi juu ya unywele inaliona."

Mama Coleta alipitisha kiganja shavuni, polepole, akasema watafikiria.

Habari ziliingia saluni, na zikiingia saluni zimefika. Rosina, mdogo wake Mama Coleta, aliwauliza wenzake akiwa kichwa chini ya mashine ya kukaushia: ikiwa nyuki, kiumbe asiye na dhambi, ametoka vile, wao watatokaje? Hata wateja wa pasipoti walipungua. Mwanamume mmoja aliuliza kama serikali inaruhusu picha ya mtu aliyegeuza mgongo kidogo. Isakwisa akachukua lenzi zote mbili mkononi, akaenda kwa Mama Coleta kueleza tofauti, na huko akaharibu kabisa, kwa sababu wanawake waliokuwa sebuleni waliona tu kwamba sasa ameileta mpaka majumbani. Violeth akatafuta mnunuzi wa lenzi, akampata mtu mmoja kijijini Muze.

Kilichomwokoa Isakwisa ni biashara ya nafaka. Mama Coleta hanunui gunia bila kulichoma bambo na kutazama kinachomwagika. Akasema atakuja kupigwa yeye kwanza. Akitoka vibaya, harusi inakwenda kwa mpiga picha mwingine.

Alikuja siku ile ile niliyofika mimi, kapaka poda ya kutosha watu wawili, kilemba cha njano kichwani, Rosina nyuma yake kama shahidi. Picha zangu za pasipoti zikaahirishwa. Kisha umeme ukakatika, na sote tukahamia bustanini kwenye mwanga. Mama Coleta aliketi kati ya maboga. Isakwisa alifunga lenzi ya kawaida. Ile nyingine alikuwa ameapa mbele ya mkewe kwamba haitatoka mfukoni.

Nyuki alitoka kwenye ua la boga, akaona kilemba cha njano, akadhani amepata ua kubwa zaidi. Akatua juu kidogo ya sikio.

Isakwisa alimtazama nyuki, akamtazama mkewe aliyesimama mlango wa jikoni. Violeth alitikisa kichwa mara moja. Mkono wa Isakwisa ukaenda mfukoni kana kwamba si wake.

"Usitikisike, Mama Coleta."

"Kwa nini?"

"Una mgeni."

Rosina alirudi nyuma mpaka kwenye maharage. Isakwisa alibadilisha lenzi, akasogea, akasogea, mpaka ikakaribia kugusa kilemba, na Mama Coleta akaiona kwa pembe ya jicho.

"Baba Alex," akamwambia Isakwisa bila kufungua meno, "hiyo ni ile."

"Ndiyo, mama."

"Huyu nyuki akiondoka, utanitambua."

Nyuki aliondoka kwa wakati wake. Rosina ndiye aliyefika kwanza kwenye kioo cha kamera, akatazama. Alimwita dada yake kwa kidole. Mbele alikuwa nyuki, kila unywele mahali pake. Nyuma yake alikuwa Mama Coleta, shavu limelainika kama ukuta uliopigwa lipu jana, hana mkunjo wala kidoa.

Isakwisa akaanza kuomba radhi. Alieleza kwamba ndiyo kasoro ya lenzi hiyo: huona vizuri unene wa ukucha tu, kilicho nyuma ya hapo huyeyuka. Picha haikutoka, alisema, mama amefifia, atarudia na ile nyingine.

Mama Coleta aliishika kamera kwa mikono miwili, akaiweka mbali naye.

"Nimefifia wapi? Huyu ndiye mimi niliyeolewa."

 Violeth alichukua simu, akamwambia mtu wa Muze kwamba lenzi imepata kazi.

Siku ya harusi mimi nilikuwa Mbala. Picha Isakwisa alinionyesha niliporudi. Coleta yupo mbele, ni kijana na hakuhitaji kuonewa huruma, ametoka mpaka tone la jasho juu ya mdomo. Nyuma yake kuna wingu zuri la vitenge na meno. Isakwisa anasema aliwaita mashangazi na mama wadogo mbele kama ilivyo desturi, hakuja hata mmoja. Waligombea safu ya nyuma kwa viwiko. Rosina alipanda benchi. Mama Coleta, ambaye kwa haki nafasi yake ilikuwa begani kwa mwanawe, alimvuta mpiga picha kando na kumuuliza kwa sauti ya chini, ulaini unaanzia hatua ya ngapi.