Majina Chini ya Tovuti

Barua za kuomba kazi nilizoandika tangu nimalize chuo zingetosha kuwashia jiko mwaka mzima. Baba aliamini mkoa mpya wa Manyara ungeleta ofisi, na ofisi zingeleta kazi. Ofisi zilikuja, zikaishia Babati mjini. Mimi nikakaa kijijini kwetu Tumati miaka mitatu, nikichunga ng'ombe wake na kupalilia vitunguu saumu. Kila mzee niliyemwamkia njiani aliitikia marahaba na papo hapo kuuliza, "Bado hujapata tu?" Kuomba kulinichosha, ila kuulizwa ndiko kulinimaliza.

Ndipo chuo kikuu kimoja kikatangaza nafasi ya mtengenezaji wa tovuti. Walitaka vyeti, na tovuti moja uliyoitengeneza mwenyewe. Hapo nilikuwa na cha kuonyesha. Tovuti ya kikundi chetu cha wakulima niliijenga peke yangu, kuanzia picha hadi ukurasa wa bei za wiki, nikipanda kilimani na kompyuta mgongoni kutafuta mtandao. Nikajiapiza kwamba wakininyima hii, siombi tena.

Wakaniita kwenye usaili. Nilifika na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Mezani walikaa watu watatu. Mama mmoja mwenye miwani akaifungua tovuti, akashuka taratibu hadi chini kabisa, akasoma, kisha akaniuliza, "Wewe uko wapi humu?"

Pale chini nilikuwa nimeorodhesha waliotengeneza: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wazee wanne wa kamati. Jina langu halikuwepo. Kwetu kazi ya kijana hukabidhiwa wazee, na siku ile naandika wala sikufikiria mara mbili. Ningejiweka mimi, kijiji kizima kingesema nimeanza kuota mapembe.

"Ni mimi niliyeitengeneza," nikasema. Hata mimi sikujiamini.

Yule mama hakukasirika. Akasema, basi tumpigie mwenyekiti, si namba yake iko hapa? Nilifurahi kweli. Mwenyekiti ni jirani yetu, namwita babu, na amenipenda tangu nikiwa mdogo. Wakaweka simu kwenye spika ili wote tusikie, wakamuuliza kama binti huyu ndiye aliyeitengeneza tovuti.

"Huyo ni mtoto wetu," akasema polepole, kama kawaida yake. "Ile kazi ni ya kikundi, tumeifanya sote. Lakini huyo binti ana adabu jamani. Tukimtuma anakwenda. Hajawahi kujisifu hata siku moja."

Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Nilikaa nikiisikiliza mpaka mwisho, na machozi yakinilenga. Mama mwenye miwani akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake, wakanishukuru kwa kuja.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira na babu, nikipanga maneno nitakayomwambia. Nikamkuta kituoni ananisubiri, amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimekusemea vizuri?"

Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Umenisemea vizuri, babu. Asante."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa. Zilikuwa bei za wiki hiyo, niziweke kwenye tovuti yetu. Nikaipokea kwa mikono miwili.